Mkaja wa Mkonge

Jumatatu, 2 Agosti 1943

Korogwe nzima hakuna nguo! Vita vimemeza marekani yote, kile kitambaa cha pamba. Mwenye duka anasema hata Handeni ni hivyo hivyo. Na bila mkaja, ile nguo ya heshima anayopewa mama wa binti, Bi Mwantumu atanipaje Chausiku? Kibwana, fundi cherehani, naye anamtaka. Nasikia kaficha pande la marekani. Mnafiki mkubwa! Lakini mimi nina akili. Kando ya reli mkonge umejiotea tele. Nitauloweka uoze, nipate nyuzi, nifume mkaja mwenyewe.

Jumanne, 3 Agosti

Nimetosa mizigo ya majani bwawani, pale pale wanapochota kina mama. Nimeikandamiza kwa mawe isionekane. Chausiku akapita, akaniuliza natafuta nini majini. Nikasema nanawa. Nguo zote mwilini!

Jumatatu, 9 Agosti

Bwawa linanuka. Kambale wanaelea tumbo juu. Wanaooga wanajikuna mpaka damu. Mchicha wa Bi Mwantumu, anaoumwagilia kwa maji hayo, umenyauka wote. Watu wanasema ni uchawi. Nikashauri kwa sauti kubwa Kibwana achunguzwe. Baadaye roho ikanisuta, nikashindwa kula.

Ijumaa, 13 Agosti

Mkaja tayari! Mgumu kidogo. Nikiuegemeza ukutani unasimama wenyewe.

Jumamosi, 14 Agosti

Balaa! Bi Mwantumu alijifunga mkaja juu ya kanga yake, kwa adabu kabisa. Akaanza kujikuna. Akaunusa. Kisha akasema harufu hii anaijua, ndiyo ya bwawa. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga! Akaniambia Kibwana alishaleta marekani yake, akarudishwa nayo, maana Chausiku alikwisha nichagua mimi. Mkaja ungengoja vita viishe. Maji hayangoji. Nikasafishe bwawa kwanza, ndipo posa izungumzwe.

Kumbe nilikuwa nimeshapata!

Jumapili, 15 Agosti

Nimeopoa majani yote. Maji bado meusi. Mikono inawasha. Chausiku kapita na mtungi kichwani, anapanda kwenda bwawa la juu, mbali kule. Nikamwita. Hakugeuka. Nimelia, sifichi. Nimewanyima watu maji kwa sababu ya kitambaa ambacho hata punda angekikataa. Najuta, najuta sana. Mkonge sitaugusa tena maishani.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimelala, nimefikiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: bwawa dogo, maji haba, nyuzi hazikulainika. Nikimpelekea Bi Mwantumu mkaja laini, hasira zote zitakwisha. Bwawa la juu, analochota Chausiku sasa, ni pana na maji yake safi mno. Nimekwisha kata majani. Nangoja tu Chausiku ajaze mtungi wake aondoke.