Kiti cha Mlinzi wa Mtandao

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku yangu imefika! Bi Firoza Allarakha, mkurugenzi wetu, ametuita sote asubuhi. Kampuni yetu ni ya mawakala wa forodha, hapa Kilindini. Kasema kampuni jirani imevamiwa na wadukuzi, imefungiwa kompyuta zote, na wateja wameihama. Kwa hiyo usalama wa mtandao si kazi ya fundi tena. Sasa utajadiliwa meza moja na mtaji na jina la kampuni. Ijumaa atamchagua mtu wa kuingia naye katika kikao cha wakurugenzi.

Nani kama si mimi? Griffins, naibu mkuu wa shughuli! Nimehudhuria semina. Cheti ninacho.

Mpinzani ni mmoja tu: Zahida, mhasibu mkuu. Mwanamke wa maswali. Wakati wenzake tunapiga makofi, yeye kauliza ni kitu gani wadukuzi wakikigusa kitatuangusha siku hiyo hiyo. Swali la mtu asiye na maono.

Mchana nimempigia simu mchonga mbao mmoja karibu na Ngome ya Yesu. Nimeagiza kibao cha mlangoni: MKUU WA ULINZI WA MTANDAO. Herufi kubwa, maua pembeni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza kazi kabla ya kuteuliwa. Kiongozi hangoji. Nimetoa amri kwamba kila mfanyakazi abadilishe nywila kila asubuhi, na iwe ngumu kiasi kwamba hata mwenyewe hawezi kuikumbuka. Kama mwenyewe haikumbuki, mwizi ataijuaje? Nilijipongeza.

Saa nne hakuna aliyeweza kufungua kompyuta. Hata Bi Firoza. Wateja wamejaa mapokezi. Fundi amefutilia mbali amri yangu huku akinung'unika kwa Kigiriama. Nikawaeleza kuwa kwa saa mbili nzima kampuni hii ilikuwa salama kuliko zote Mombasa. Hakuna aliyeingia!

Zahida hakucheka. Hilo ndilo limeniudhi. Alikuwa ofisini kwa Bi Firoza, wanapanga jambo lao dogo: mzigo ukibadilishiwa mahali pa kupelekwa, lazima mteja apigiwe simu na athibitishe kwa sauti yake. Simu! Zama hizi!

Jumatano, 6 Agosti

Mtego. Nimewatumia wote barua pepe kwa jina la bandia: biriani ya bure leo mchana, bofya hapa kujiandikisha. Nilijua Zahida atabofya. Biriani ni udhaifu wa binadamu. Kisha ningemwaibisha mbele ya wote, kwa upole.

Hakubofya. Kachukua hatua tatu hadi mlango wa Bi Firoza na kumuuliza kama kweli kuna biriani. Maskini Bi Firoza, wafanyakazi wote wakimkodolea macho, akaona haya. Kaagiza sufuria nzima kutoka Mji wa Kale.

Tumekula vizuri mno. Kache wa mapokezi kanishika mkono na kuniuliza shambulio lingine ni lini. Moyoni nikaona fahari. Ni wakuu wangapi wa usalama wanaopendwa namna hii?

Kibao kimefika. Maua mazuri. Ila mchonga mbao anasema simu ilikuwa na kelele za tuktuk. Kimeandikwa MKUU WA ULINZI WA MTARO. Kache kauliza kama mtaro wa nyuma unaonuka nao utashughulikiwa. Nimekitundika hivyo hivyo. Cheo ni cheo.

Alhamisi, 7 Agosti

Dunia imeniona! Barua pepe, kutoka ng'ambo: nimeteuliwa Nyota ya Usalama wa Mtandao, Afrika Mashariki. Sikujua kama wananifuatilia. Walichotaka ni nithibitishe kuwa mimi ni mimi, kwa kuweka anwani yangu ya kazi na nywila. Kisha wakaomba na ile namba ya siri iliyoingia katika simu yangu. Watu makini sana! Hawataki tuzo iangukie matapeli.

Nimejaza yote. Nimempigia mama, Siaya, kumpa habari. Akauliza kama nyota hiyo inalika. Nikamwambia Mama, hii ni heshima.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Niandike ilivyokuwa.

Asubuhi kontena la mteja wetu, Bwana Faraj, lilitoka bandarini. Ndani mna friji za kuhifadhia chanjo za watoto, zahanati zinazisubiri. Lilitakiwa kwenda ghalani kwake, Tononoka. Kabla ya swala ya Ijumaa Zahida kaja mezani kwangu, uso mkavu.

"Bwana Griffins, umemwandikia dereva apeleke kontena Mariakani?"

"Mimi? Sijaandika chochote."

Kanionyesha nakala ya barua pepe yenyewe. Anwani yangu. Jina langu. Hata salamu zangu ndefu. Bwana Faraj alipopigiwa alisema hajabadilisha lolote. Zahida akampigia dereva, Mung'aro, nami nikasikia honi za malori ndani ya simu. Alikuwa Makupa tayari, anatoka kisiwani.

"Bwana Mung'aro, geuza. Geuza sasa hivi, tafadhali. Ule ujumbe si wetu."

Nikawafikiria wale watoto. Kisha Mung'aro akasema amepata pa kugeuzia, na Zahida akakaa chini taratibu. "Alhamdulillahi," akasema. Mimi pia nilikaa. Kiti hakikuwepo.

Bi Firoza kaniita. Kaniuliza nywila yangu nilimpa nani. Nikamweleza habari ya tuzo.

"Griffins mwanangu," akasema, "jambo hili si kibao cha kutundika mlangoni. Ni kazi yangu mimi kwanza, kisha ya kila mtu."

Basi ataongoza mwenyewe, na Zahida ndiye anayeingia kikaoni. Na mimi? Kila mwezi nitasimama mbele ya wafanyakazi niwasimulie jinsi nilivyonaswa.

Nimefika nyumbani nimenyong'onyea. Ila wakati wa chai likanijia. Kusimama mbele ya watu, kufundisha kila mwezi... Wamenifanya mhadhiri!

Jumatatu, 11 Agosti

Mhadhara wa kwanza. Shati jipya, suti ya harusi ya kaka. Nimesimulia kwa hisia, Kache kafuta machozi, ingawa anasema ni mafua. Zahida mwenyewe kanishukuru, na nadhani hakuwa akinidhihaki.

Walipotoka nilijipiga picha pale mbele, nimetunisha kifua, nyuma yangu ubao ambao Zahida alikuwa ameandikia mpango mpya wote: nani anampigia nani, na maneno ya siri ya kuthibitishia simu. Nimeiweka mtandaoni kwa wote. Wamependa! Na mgeni mmoja wa mbali, mwungwana kabisa, ameniomba nisogee kidogo kushoto, kwani nimeziba mistari miwili ya chini.

Watu wana kiu ya elimu. Nimejipiga picha nyingine na kumtumia.