Simu Yangu, Kufuli Lao

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata dawa ya upweke. Kumbe ilikuwa mfukoni mwangu muda wote, ila imefungwa.

Mimi ni mkata tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Nasimama mlangoni, napokea tiketi, nachana, narudisha nusu. Zamani mkono ulikuwa unauma. Siku hizi hauumi. Onyesho la leo mchana lilikuwa na watu wanne, na mmoja wao aliingia kukwepa jua tu. Alianza kukoroma kabla taa hazijazimwa.

Nikarudi chumbani. Nikapika chai ya watu wawili kwa mazoea, nikainywa yote. Mke wangu aliondoka mwaka juzi. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na redio isiyozimika. Sasa redio inaongea na ukuta.

Ndipo nikasoma habari za watu wanaovunja kufuli la simu. Si la mlango. Ni lile ambalo kampuni inaliweka ndani ya simu, usiweze kuingiza programu yoyote ila zile walizozibariki wao. Ukilivunja, unaingiza unachotaka. Ikiwemo programu moja yenye filamu zote za dunia. Bure!

Nimewaza hivi: mtu mwenye filamu zote za dunia hawezi kukaa peke yake. Penye ua, nyuki hakosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza mama wa dirishani, anayeuza tiketi. Mjane. Miwani yenye mnyororo, kicheko cha taratibu. Tumefanya kazi pamoja miaka sita na bado ananiita kaka.

Nilimwambia simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, iweje kufuli liwe lao? Mtu akikuuzia nyumba, anabaki na ufunguo wa chumba chako cha kulala? Hotuba nzuri. Niliifanyia mazoezi bafuni.

Akasema hapo nina hoja. Simu ni yangu. Nikitaka niivunje, nikitaka niifanye kigae cha kukaangia mayai. Moyo ukaniruka. Kisha akauliza nataka kuweka nini humo. Nikasema filamu.

"Simu ni yako, kaka," akasema. "Filamu si yako. Hayo ni mambo mawili, usiyafunge kamba moja."

Nyuma yangu mtu akacheka. Fundi Mwanga, anayeendesha mashine ya kuonyeshea. Alikuwa amemletea mama wa dirishani kikombe cha chai. Humletea kila siku, na hakuna aliyemtuma. Akadakia kwamba filamu zinatengenezwa na watu, na watu wana matumbo. Nilimwuliza kama amewahi kumwona hata mmoja wao. Akajibu huwaona kila siku. Majina yao hupita mwishoni, ila wakati huo mimi huwa nimeshafungua milango na kuwafukuza watazamaji.

Mama wa dirishani akanywa chai yake. Alikunywa kwa furaha isiyo ya lazima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefuata maelekezo. Hatua ya kwanza ilisema nihifadhi vitu vyangu mahali pengine kabla ya kuendelea. Ushauri wa waoga. Nikairuka.

Simu imekuwa jiwe. Skrini nyeusi, na katikati kiduara kinazunguka, kinazunguka, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Nilikaa nacho jioni nzima. Kusema kweli, ni afadhali kuliko ukuta. Angalau chenyewe kinasogea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipeleka kwa fundi simu, mwanamke wa kibanda cha pale kona. Hana maneno mengi. Alinionya jambo moja tu, kwamba kufuli likivunjika limevunjika kwa wote, na panapotokea mtu paweza kuingilia mwizi. Nikamwambia kwangu haingii mtu yeyote, kwa hiyo hata mwizi karibu.

Ameifufua! Kufuli limekwisha. Ni kweli kwamba vitufe vya kuandikia vimegeuka lugha nisiyoijua. Ni kweli pia kwamba picha zote zimefutika, pamoja na ile ya mke wangu akiwa amenuna, ambayo ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Nilizoea kuitazama kabla ya kulala.

Lakini filamu zote za dunia zipo.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Simu imejiandikia ujumbe yenyewe na kumtumia kila mtu ambaye namba yake ninayo. "Nakuwaza kila saa. Bonyeza hapa." Meneja ameupata. Mwenye nyumba ameupata. Mke wangu wa zamani, fundi bomba, dada yangu mkubwa na mama wa dirishani, wote.

Nikakaa kitini kusubiri aibu ifike. Haikuwa na haraka. Mchana dada akapiga kuuliza kama naumwa, na kama nakula. Nikasema nakula. Akasema haya, akakata. Fundi bomba alijibu kwamba atakuja Jumanne. Mke wangu wa zamani hakujibu kitu. Niliiweka simu karibu na sahani nikila, isije ikalia nisisikie.

Mama wa dirishani alijibu neno moja: "Nani?"

Miaka sita. Kumbe namba yangu hana.

Jumamosi, 15 Machi

Andika siku hii kwa wino mwekundu!

Niliweka tangazo kwenye ngazi za jengo letu: sinema bure, chumba changu, saa kumi jioni. Nilitarajia kejeli. Wamekuja! Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikuja na kigoda chake. Wanandoa wapya wa chumba cha mwisho walikuja na mto. Mwalimu wa hesabu alikuja na binamu yake, ambaye sikumwalika, na nilimpenda papo hapo. Simu niliisimamisha juu ya meza, imeegemea chupa ya chai. Filamu yenyewe ndiyo ile iliyoanza kuonyeshwa kwetu ukumbini jana. Nilikuwa nimeivuta kwa waifai ya ofisi ya meneja, maana ile ina kasi.

Tulibanana. Kiwiko cha mtu kilikuwa mbavuni mwangu muda wote na sikukisogeza. Niliazima vikombe. Mtu alikohoa, mwingine akamwambia anyamaze, na mimi nikawa nawaza: haya yote yanatokea kwangu.

Walipoaga, fundi cherehani alilalamika kwamba skrini ni ndogo na yeye alikuwa kapewa upande wa sikio la mwalimu. Akauliza kama naweza kumvunjia na yeye kufuli lake. Wengine wakasema hata wao.

Ukarimu ni ukarimu. Nimesema waniletee zote.

Alhamisi, 20 Machi

Nimevunja makufuli ya jengo zima. Wananiita Daktari. Mlango unagongwa asubuhi, unagongwa jioni. Simu ya mwalimu tu ndiyo imegoma. Inapiga kelele za matangazo ya vipodozi katikati ya somo. Amenisamehe, ingawa hajanisalimia tangu siku hiyo.

Kazini mambo si mazuri. Meneja alitukusanya akauliza watazamaji wamekwenda wapi. Mimi nikasema tatizo ni bisi. Zimelala, hazina chumvi, na mtu hawezi kufurahia mapenzi ya skrini huku anatafuna sponji. Fundi Mwanga akasema tatizo ni simu. Nikainuka nikatoa hotuba yangu ya ufunguo wa chumba cha kulala. Meneja akasema ameelewa, nikae.

Baadaye mama wa dirishani aliniita pembeni.

"Yule fundi cherehani wa jengo lenu," akasema, "kila Jumamosi alikuwa hakosi. Kiti cha pembeni, safu ya tatu. Jumamosi iliyopita sikumwona. Mzima?"

Nikasema mzima, anapumzisha macho. Akaniangalia juu ya miwani kwa muda mrefu kidogo. Nadhani ameanza kunipenda.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepanga viti. Nimenunua vikombe vyangu, vya bluu, sita. Saa kumi ikafika, ikapita. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa.

Nikaenda kugonga. Fundi cherehani alifungua mlango nusu, simu mkononi, mwanga wake umempiga kidevuni. Akasema leo hawezi, yuko katikati ya filamu. Nikamwambia hata mimi ninayo filamu. Akasema anajua, Daktari, ndiyo hiyohiyo, Mungu akubariki. Akafunga.

Nikabaki kwenye korido. Kila mlango ulikuwa unatoa sauti ileile, ila kila mmoja umefika mahali pake. Kwa fundi cherehani shujaa alikuwa anazikwa. Kwa wanandoa wapya alikuwa bado anaposa. Kwa binamu ya mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye treni, hajui litakalompata. Nilisimama pale nikisikiliza mtu mmoja anaishi mara tatu. Baadaye miguu ikachoka, nikarudi.

Nikanywa chai yote. Si neema kidogo kuwa na vikombe sita, ukichagua cha kutumia.

Jumatatu, 31 Machi

Ukumbi umefungwa. Meneja alisema wenye jengo wanataka kuweka ghala la magodoro. Bisi, nilimwambia. Sikusikilizwa.

Kabla ya kukabidhi funguo alituruhusu kuonyesha filamu ya mwisho, sisi kwa sisi. Nikamchania mama wa dirishani tiketi aliyojiuzia mwenyewe. Ilikuwa tiketi yangu pekee ya siku. Nikakaa upande wake wa kushoto. Fundi Mwanga akawasha mashine, akashuka, akakaa kulia. Na chai.

Sikuwahi kutazama filamu kutoka kitini. Miaka sita nimezisikiliza nikiwa mlangoni. Ni kubwa. Mwanamke alipolia, chozi lake lilikuwa refu kuliko mimi. Viti vyote vilikuwa vitupu nyuma yetu, na bado nilihisi kama tuko wengi. Sijui kwa nini.

Ilipoisha, majina yakaanza kupanda. Nikainuka kwa mazoea nikafungue milango. Mama wa dirishani akanishika mkono wa shati.

"Kaa," akasema. "Waache wapite."

Nikakaa. Wakapita. Washona nguo, wabeba taa, wapishi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutunza farasi. Mama wa dirishani alikuwa anasoma kila jina kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mkono wa Fundi Mwanga ulikuwa juu ya mkono wa mama wa dirishani. Ule mwingine, wa kulia.

Sikujua kumbe ni watu wengi hivyo. Nimelifikiria jambo hili njia nzima hadi nyumbani, na nimefikia uamuzi: ni wengi mno. Wangepunguza, filamu zingekuwa rahisi, watu wangekuja ukumbini. Mtunza farasi!

Jumamosi, 5 Aprili

Hakuna mtu aliyegonga wiki nzima, isipokuwa fundi bomba, aliyekuja kwa Jumanne yake baada ya wiki tatu. Hakuna bomba linalovuja. Nilimfanya akae anywe chai, nikamweleza habari za makufuli. Alikuwa na simu ya vitufe.

Leo nimepata habari za mama wa dirishani. Amepata kazi kwenye duka la vitabu, karibu na posta. Nimepita kwa upande wa pili wa barabara, nikachungulia. Duka dogo, safi. Yeye nyuma ya meza, miwani puani, anasoma. Hakuna mteja hata mmoja. Aligeuza ukurasa, akatazama mlangoni, akasoma tena. Nilitaka kuvuka. Nikawaza nitavuka na kumwambia nini?

Nilimhurumia hadi nikakosa hamu ya kula. Na huruma ndiyo mama wa ubunifu. Nimerudi chumbani, nikatafuta, nikapata. Iko programu yenye vitabu vyote vya dunia! Bure, na inaingia kwenye simu yoyote ambayo kufuli lake limevunjwa. Mtaa mzima utapenda kusoma, na wapenda kusoma huenda wapi? Dukani kwake!

Nimeshaigawa kwenye ngazi zote. Fundi cherehani amechukua vitabu mia mbili. Wanandoa wapya wamechukua vya mapishi na vya majina ya watoto. Hata mwalimu amenisalimia.

Jumatatu nitampelekea habari mwenyewe. Itabidi niwahi asubuhi, kabla wateja hawajajaa.