Mkungumanga Wetu ni Dume

Kwa Bwana Afisa Kilimo,

Salamu nyingi, na pole kwa maumivu ya mgongo. Mimi ni yule kinyozi wa karibu na soko, uliyempa mche wa mkungumanga ukamwambia autunze kama mtoto. Niliutunza hivyo hivyo, bwana, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinipa mche bila kunieleza jinsia yake. Niliujengea kivuli cha magunia. Maji yalipokatika, sisi tulioga nusu ndoo ili mche ushibe. Mke wangu aliutandazia majani makavu shinani, na upepo ukivuma alitoka kwenda kuushika. Miaka ikapita, ukatoa maua, tukaita watu. Wewe ulipofika ukachuma ua moja, ukalipasua kwa kucha, ukasema mbele ya mama mkwe wangu, "Hili dume. Halizai hili." Mama mkwe hakuutazama mti. Alinitazama mimi.

2. Ukaongeza kwamba dume moja linatosha majike kumi. Najua ulitaka kunifariji. Tangu siku hiyo, nikichelewa kurudi kutoka kazini, mke wangu huniuliza nilikuwa shamba gani.

3. Ushauri wako kwamba tuukate kichwa na kuupachika kikonyo cha mti jike ili uzae tumeukataa. Kijana ana afya, majani yanang'aa mwaka mzima, ukiyafikicha uani kote kunanukia. Akatwe kichwa kwa kosa gani?

4. Sasa nafika penyewe. Upande wa pili wa ukuta anakaa muuguzi mstaafu, mwenye mkungumanga jike. Hana habari nao. Hajawahi kuumwagilia hata kikombe, na shuka zake anaanika juu yake. Lakini unavyozaa! Matunda yanapasuka yenyewe, kila kokwa imejifunga utando mwekundu kama mtoto aliyevalishwa kwenda kupigwa picha. Ulitueleza mwenyewe kwamba wadudu hubeba chavua kutoka dume kwenda jike. Dume ni letu. Basi wale ni wajukuu zetu, bwana, na hakuna aliyetupa hata taarifa.

Nilikwenda na mke wangu kumweleza kwa heshima zote. Alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. "Jirani," akasema, "mbona hamkuleta posa?" Mke wangu hakucheka. Tuliporudi aliupapasa mti wetu, akasema kwa sauti ya chini, "Wanalelewa kama hawana baba." Chakula hakikupikwa siku hiyo.

5. Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe amri: muuguzi atuite wakwe, hadharani, matunda yakiiva yapitishwe kwetu kwanza, baba yao ayaone, na shuka zisianikwe tena juu ya mkaza mwana wetu, maana si adabu. Ofisi ikishindwa, tutabomoa ukuta ili familia ikae pamoja. Fundi mwashi ameshakuja kupima.

Wasalimie wenzako wote ofisini, pamoja na yule dereva anayependa kunyolewa upara. Nyumbani kwako wote tunawasalimu, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, baba wa mti,
Kinyozi

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha muuguzi akabisha hodi. Ametupeleka uani kwake, nyuma ya tangi la maji, akatuonyesha mkungumanga mwingine, mnene kuliko wetu, umechanua kuanzia chini hadi juu. Dume. Marehemu mumewe aliupanda zamani, na anasema jike lilikuwa likizaa wakati wetu bado haujanifika kiunoni. Mke wangu amekwenda kulala mchana huu. Tafadhali usitoe amri yoyote. Ila ukipata mche wa jike, wa uhakika, tuletee haraka. Na siku ukija, mambo haya tuyazungumzie ndani, mlango ukiwa umefungwa, kijana asisikie.