Vita vya Jina Katika Mahandaki ya Cu Chi

Kaeni kitako, enyi mliozaliwa baada ya mabomu kunyamaza, mtege sikio, nawe unayetafuna mbegu hapo nyuma hebu acha kwanza. Maana nawaletea habari za Thuan wa Saigon, Simba wa Kigoda cha Plastiki, Mkausha Bilauri, mume wangu kwa miaka arobaini na mmoja, na jinsi alivyotwaa, kwa magoti na machozi, kile ambacho majeshi hayawezi kukitwaa.

Chanzo cha vita kilikuwa tumbo la Hanh, mke wa mwanangu Phuc. Mtoto alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuzaliwa, na kwetu mwenye kutoa jina ni babu wa upande wa baba. Lakini Phuc na Hanh wanaishi kwa mzee Quoi, baba yake Hanh, Jemadari wa Nyumba ya Ghorofa Tatu, naye alishatangaza kwamba atakayelala chini ya dari yake ataitwa atakavyo yeye. Mume wangu aliposikia aliacha kula.

"Mama Phuc," akaniambia, "wakimpa jina wao, mimi ni mgeni kwa mjukuu wangu. Nitakuwa nagonga mlango na mfuko wa machungwa kama naenda kuona mgonjwa."

Basi ikawa siku chama cha wastaafu wa mtaa wetu kilipotupakia kwenye basi, sote tumevaa fulana za njano, kwenda kuzuru mahandaki ambamo watu walipigana vita vya kweli, majemadari hao wawili wakakabiliana mbele ya shimo. Nami sifichi: wakati wa vita Thuan aliuza barafu na Quoi alishona suruali. Handaki la watalii limetanuliwa kidogo, lina mita mia moja, na kila mita ishirini pana mlango wa pembeni wa kutokea waliokata tamaa.

"Mkwe Quoi!" akanguruma mume wangu. "Hapa ndipo ardhi ilipowameza mashujaa ikawatapika washindi! Tuingie! Na atakayetokea mlango wa pembeni, asifungue kinywa juu ya jina la mtoto mpaka siku ya kuzikwa!"

"Mkwe Thuan," akajibu Quoi, akivuta suruali juu ya kitambi, "mimi nimekusikia na handaki limekusikia. Natangulia, ili ijulikane nani wa mbele na nani wa nyuma!"

"Nyie wazee, na magoti yenu hayo?" nikasema. "Mtakuja kuzibuliwa kama sinki."

"Nyamaza, mama Phuc. Historia inaandikwa."

Wakaingia. Nikafuata, kwa kuwa dawa zake za presha nilikuwa nazo mimi, na nyuma yangu wakafuata watalii warefu wa Ulaya na darasa zima la wanafunzi. Wakatambaa gizani majemadari wale, wakihema, wakilaani, wakikwaruza vipara vyao kwenye dari ya udongo. Mita ishirini, arobaini, sitini, na kila mwanga wa pembeni ulipowaita waliupita wamefumba macho. Kwenye mita ya themanini Quoi akaganda.

"Songa!"

"Mguu umekaza, bwana! Msuli!"

"Si mlango huo hapo pembeni yako? Toka!"

"Sitoki! Nifie humu humu!"

Ushindi ulikuwa mkononi mwa mume wangu; angengoja tu. Lakini Quoi alianza kuguna kwa maumivu, na Thuan wangu, ambaye nilishamwona akigombea hata kiti cha kinyozi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Phuc, nipe mafuta."

Watu wa kwetu hatuendi popote bila kichupa cha mafuta ya kijani yenye mnanaa. Kichwa, tumbo, mbu, huzuni, dawa ni hiyo hiyo, na kipimo chake ni tone. Nikampa kichupa. Naye Mkausha Bilauri, asiyejua kumimina kidogo, akakimaliza chote kwenye mguu wa mkwewe, ndani ya shimo lisilopitiwa na upepo.

Ewe ardhi ya Cu Chi, uliyeonja kila baruti, sema kama uliwahi kuonja ile! Wazungu wakarudi kinyumenyume wakipiga kelele, wanafunzi wakamiminika mlango wa pembeni, na Quoi, mguu ukiwaka moto, akafyatuka mbele, Thuan akimsukuma matakoni kwa kichwa mita zote ishirini za mwisho.

Tukatokea juani sote watatu tukibubujikwa na machozi. Diem, binti aliyekuwa akituongoza, akavua kofia. "Tazameni," akawaambia watu waliokuwa wakila mihogo ya kuchemsha, "wazee wetu wamewakumbuka wenzao waliobaki humo." Watu wote wakasimama wakainamisha vichwa. Nilitaka kusema ni mafuta, kikohozi kikanibana, na niliona aibu, maana humo walibaki watu kweli.

Wakaketishwa, wakapewa chai, mihogo na karanga za kusaga. Quoi alitafuna muda mrefu.

"Nimetoka wa kwanza," akasema.

"Umetoka kwa kichwa changu."

"Kweli. Basi jina la kwenye cheti cha kuzaliwa ni langu." Akapangusa macho. "Lakini cheti kinakaa kabatini, mkwe. La nyumbani toa wewe, hilo la kuitwa kutwa. Na uwe unakuja kuliita mwenyewe. Hodi ya nini?"

Mume wangu akafungua kinywa kutoa jina la kutikisa milima, akakikuta kimejaa. Nalo jina la nyumbani, kwa ada yetu, sharti liwe baya, mashetani wasimtamani mtoto.

"Muhogo," akasema.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, chini ya majina ya majemadari wote: kwamba alizaliwa msichana wa kilo tatu na nusu, ana jina zuri kwenye cheti ambalo Quoi mwenyewe hulisoma kwa miwani, na kwamba kila asubuhi ghorofa tatu nzima hutikiswa na mzee mmoja anayepanda ngazi akinguruma, "Muhogo! Muhogo wa babu! Amka!"