Mahali Ambapo Hakuna Gari Lililowahi Kufika

Jamani, leo nimeaibika. Na aibu yenyewe nimeirusha laivu mwenyewe, kwa bando langu. Acheni niwasimulie kabla hamjasimuliwa na wengine.

Gari langu mnalijua. Lile kuukuu la fo wili, lenye mkonga wa kuvutia hewa juu, linalowaka likijisikia. Nililinunua kwa jasho la masjala, kwa sababu tangu nihamishiwe Bariadi kutoka Lushoto nimekuwa nikiota kuzunguka maporini kwa gari. Video za watu wanaovuka majangwa nazitazama mpaka wali unaungua. Lakini Baba Neema, mume wangu, ni Msukuma wa Nkololo na ana hesabu zake. "Ng'ombe akilala anazaa," huniambia. "Gari likilala linaota kutu." Wiki hii akatoa hukumu. Jumamosi nilipeleke mpaka juu ya kile kilima cha mawe ng'ambo ya Nkololo, nikatishe mbugani na kuvuka mto wa mchanga. Likienda na kurudi lenyewe, linabaki. Likivutwa na chochote, iwe trekta, iwe ng'ombe, linauzwa na tunanunua mitamba.

Shahidi akamteua dada yake, wifi yangu Minza. (Hakimu na shahidi ukoo mmoja. Nikakubali tu.)

Asubuhi nikapakia koleo, mbao, jeki, kamba nene ya kuvutia na chapati. Nilivaa kofia pana na buti mpya. Wifi alivaa kanga na ndala, mkononi karanga. Njia nzima nikawa namfundisha: magari haya ya zamani, kuvuta gia ya fo wili peke yake hakutoshi. Lazima kwanza ushuke ufunge loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, la sivyo ya mbele yanasindikiza tu. Wifi akasikiliza, akatafuna, akauliza kama chapati nimeziwekea mayai.

Tukaiacha lami, tukaingia mbugani. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi mnajua unavyonata. Nikavuta gia ya fo wili kwa madaha. Nikakanyaga mafuta. Gari likaenda, likasita, likazama. Nikakanyaga tena. Tope likaruka nyuma, sisi palepale. Nikashuka nikachimba. Nikapanga mbao, mbao zikamezwa. Buti moja nalo likabaki ardhini, mguu ukatoka peke yake. Wifi alikuwa dirishani, ananitazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

Akatokea mzee mmoja na jozi ya maksai waliotoka kulima. Tukasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka. Akalizunguka gari lote, kisha akasema kwa upole kwamba hao maksai wake wangelitoa sasa hivi tu, nisijitese. Wifi akatoa simu kwenye kanga.

"Wifi, nimpigie kaka nimwambie mitamba imepatikana?"

Moyo uliniuma, sitanii. Nililiona gari langu likiondoka na mtu mwingine, na mimi nimebaki Bariadi nikiangalia video mpaka nistaafu. Nikamwambia mzee wabheja sana, yaani asante, ila anisubiri kidogo. Nikapiga magoti mbele ya gurudumu, nadhani nilitaka kusali. Na hapo macho yangu yakakutana na loki. Haijafungwa! Nikazunguka upande wa pili. Nayo haijafungwa! (Mwalimu wa fo wili, jamani. Somo nimetoa, mtihani nimefeli.)

Nikazifunga kimyakimya, uso nimeuficha kwa kofia. Nikaingia, nikakanyaga taratibu. Safari hii magurudumu ya mbele yakauma. Gari likajikokota, likanguruma, likatoka topeni lenyewe, bila mkono wa mtu wala pembe ya ng'ombe. Mzee akacheka na kuwageuza maksai wake. Wifi akairudisha simu kwenye kanga, naona kwa masikitiko.

Kuanzia hapo sikushikika. Kwenye mto nikapunguza upepo wa matairi na mchanga nikaupita bila kusimama. Kilimani gari likapanda jiwe baada ya jiwe, linalia, linayumba, wifi kaushika mlango kwa mikono miwili anamtaja Bikira Maria. Kwa muda sikuona kitu ila mawingu. Kisha pua ya gari ikashuka, na tukawa juu.

Juu! Mawe, miiba, upepo, na tambarare za Simiyu zote ziko chini yangu. Nililia. Nikaliegesha gari kwa kulikingamisha ili mkonga uonekane vizuri, nikampa wifi simu yangu, tukaingia laivu. Mtandao ulikuwa umejaa vijiti vyote. (Mwenye akili angejiuliza hapo.)

Nikapanda juu ya boneti, mguu mmoja una buti, mwingine una tope.

"Ndugu watazamaji," nikasema, "mimi binti wa Lushoto nimefika mahali ambapo hakuna gari lililowahi kufika. Hapa tupo mimi, wifi yangu na Mungu."

Honi ikalia nyuma yangu.

Nikageuka. Kutoka upande wa pili wa kilima kilikuwa kimepanda kigari kidogo cha abiria, mchomoko, kimejaa mpaka hakifungi milango. Juu ya keria kuna godoro na mbuzi wawili. Ndani akina mama wamependeza, mmoja kapakata kuku. Dereva akatoa kichwa.

"Samahani, mama. Ukimaliza kuhutubia tupishe, mnada unatuacha."

Kumbe kuna barabara. Ya moramu. Imechongwa! Nikamtazama wifi. Simu ameishika imara, haitikisiki hata kidogo.

"Wifi, ulijua?"

"Shule nimesomea hapo chini," akasema. "Wewe ulisema unataka njia ngumu."

Nikashuka kwenye boneti kwa makalio, maana buti moja halishuki vizuri. Dereva hakuwa na subira. Akajaribu kunipitia pembeni, gurudumu likateleza, mchomoko ukalalia mtaroni. Abiria wakashuka mmoja mmoja, wakasimama wananitazama. Hata mbuzi walinitazama.

"Nina kamba," nikasema.

Sijawahi kusema maneno matamu kama hayo. Nikafunga kamba, nikaweka gia nzito, nikavuta polepole. Mchomoko ukanyanyuka, ukatikisika, ukasimama barabarani na mbuzi wake. Akina mama wakapiga vigelegele. Yule wa kuku akataka kunipa kuku. (Kwamba mimi ndiye niliyeziba njia, hakuna aliyelisema kwa sauti.)

Laivu ilipozimwa tu, Baba Neema akapiga.

"Mama Neema, huyo dereva anapita hapo kila siku ya mnada."

"Ndiyo."

"Na gari lako ndilo limemvuta."

"Ndiyo."

"Haya, rudi. Ila pitia njia yake."

Nimerudi kwa njia yake, laini kabisa, wifi kasinzia. Baba Neema amelipokea gari na kuliosha tope mwenyewe. Kesho ana safari ya Kasoli kwa mjomba wake, na ufunguo ameniomba kwa adabu zote. Nyinyi naona mmeshaanza kuniita Mvumbuzi, na ile hotuba yangu imefika mpaka Lushoto kwa mama.

Sawa, chekeni. Ila mvua ndiyo kwanza zinaanza, na kamba ninayo mimi.