Babu Yangu wa Ukutani

Jumatano, 3 Juni
Mzee Hilary amechoka kutunza ufunguo wa mnara wetu wa kale. Jumapili baada ya misa kijiji kitachagua mtu mwingine. Nani kama si mimi, Zenon? Eti wanamtaja Leokadia, mfuga bata. Yule huwasimulia wageni habari za mashujaa waliochorwa ukutani kama anayeuza mayai.

Alhamisi, 4 Juni
Nimepanda kutazama michoro. Karibu na dirisha kuna shujaa mwenye pua pana na masharubu mazito. Mimi kabisa! Bila shaka ni babu wa babu zangu. Ufunguo ni urithi wangu. Nimemweleza mke wangu, Halina. Akauliza nimekunywa nini. Hana damu tukufu, hawezi kuelewa.

Jumamosi, 6 Juni
Nimemdanganya Mzee Hilary kwamba naenda kufagia mavi ya njiwa, akanipa ufunguo. Shujaa amejaa vumbi, na kesho nataka kijiji kizima kione tulivyofanana. Marehemu bibi alisafisha picha za watakatifu kwa mkate mweusi. Nikasugua. Masharubu yakatoka! Kumbe yalikuwa masizi. Chini yake midomo myekundu. Shujaa ni mwanamke.
Mkate hautupwi, ni dhambi. Nikaubusu, nikawaachia bata wa Leokadia. Wajinga wale hula chochote.

Jumapili, 7 Juni
Hawakuula.
Nimesimama mbele ya kanisa, nikatangaza kwamba mhuni amemnyoa babu yangu ukutani. Leokadia akachomoa mkate mfukoni mwa aproni. "Huu wa Halina, una kisibiti, mbegu anazotia yeye tu. Masizi yametoka wapi, Zenon?" Nikasema mtu wa ukoo wangu hahojiwi na mfuga bata. "Ukoo gani, kaka? Babu yako kashuka treni baada ya vita, kijiji kizima kilipohamishiwa huku, behewa moja na babu yangu, kashika ng'ombe mkia. Mnara tumeukuta hapahapa." Hata padri alicheka. Ufunguo kapewa yeye. Mimi nimepewa ufagio. Nimeumia sana.

Jumatatu, 8 Juni
Nafagia mavi ya njiwa, safari hii kweli. Leokadia yuko mlangoni, ufunguo kiunoni, ananisimamia.
Lakini yule mwanamke wa ukutani! Kile kidevu, yale macho ya dharau. Mama mkwe kabisa! Ni kweli, ukoo wake nao ulikuja na treni ileile. Ila behewa jingine.
Nimemwomba Halina aoke mkate. Pale ukutani shavu la kushoto bado lina masizi.