Tafsiri Rasmi ya Huruma

Wananchi wote wanatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba neno huruma, ambalo kwa miaka mingi lilitumiwa ovyo na kila mtu bila kibali, sasa limepata tafsiri rasmi. Mimi ndiye Katibu wa Kamati iliyoitafuta, na niseme wazi, haikuwa kazi ya lelemama.

Chanzo ni kanuni ya idara yetu, Idara ya Usafi wa Njia za Waenda kwa Miguu, isemayo kwamba mkosaji "atahurumiwa inapobidi". Kila askari alihurumia anavyojua. Mmoja alimrudishia mwuza viatu viatu vyake vyote vilivyokamatwa, tena akamsaidia kuvipanga. Ilikuwa aibu tupu.

Kamati ikakaa. Mjumbe mgeni alisema huenda huruma ni kumsamehe mtu. Tulicheka mpaka tukaagiza maji. Ndipo Mkurugenzi, mtu mwenye kipaji nisichochoka kukisifu, akatamka: "Huruma ni adhabu ileile, itolewayo kwa sauti ya chini." Tukapiga makofi, taratibu.

Wa kwanza kunufaika alikuwa fundi cherehani wa kona ya pili, anayeitwa Mama Pindo. Meza yake ilikuwa imechungulia njiani kidogo. Askari walimnong'oneza, wakapakia cherehani garini, nguo ikiwa bado chini ya sindano. Kesho yake alikuja kuidai kwenye ghala la idara, macho yamemvimba. Mtunza ghala wetu, Bwana Kufuli, alimpokea kwa kufuata tafsiri.

"Kaka yangu, shule zinafunguliwa Jumatatu," alisema Mama Pindo. "Nimebeba sare za watoto wa mtaa mzima. Bila hiyo mashine nyumbani kwangu hakuinjikwi chungu."

"Pole sana, dada," alinong'ona Kufuli. "Hatutoi."

"Mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa?"

"Nakuhurumia."

"Basi nifokee, unipe cherehani yangu!"

Sikumlaumu. Wananchi wengi hawajazoea huduma bora.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuzindua tafsiri mbele ya wageni wazito. Asubuhi Mkurugenzi aliingia ghalani mbiombio, jasho likimtiririka. Kumbe nguo iliyokamatwa chini ya sindano ilikuwa koti lake la uzinduzi, na lilikuwa na mkono mmoja tu.

"Kufuli, toa hiyo cherehani, mama amalizie koti langu!"

"Pole sana, mzee. Hatutoi."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mzee." Kufuli akashusha sauti zaidi, kwa kuheshimu cheo. "Hatutoi."

Kwa amri ya Mkurugenzi mwenyewe, kitu hakitoki ghalani mpaka yeye atamke mbele ya mwenye mali kwamba hakukuwa na kosa lolote. Tukatuma gari la idara likamlete Mama Pindo. Mkurugenzi akatamka. Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, lakini ilitoka, na sote tuliisikia.

Mama Pindo alilia kwa furaha. Aliipangusa vumbi cherehani yake, akaitia mafuta, akaketi palepale ghalani. Koti akalichomoa polepole, akalikunja vizuri, akaliweka kando. Halafu akatoa mfukoni sketi ndogo ya shule na kuanza kushona.

"Mama, unafanya nini? Wageni wamefika!" Mkurugenzi alipiga magoti kwenye sakafu ya ghala, jambo ambalo Kamati haikuwahi kulijadili. "Nakuomba, nihurumie!"

Mashine ikanyamaza. Mama Pindo aliinama hadi sikioni kwake, akasema kwa sauti laini kiasi kwamba mimi, pamoja na uzoefu wangu wote, ilibidi nisogee.

"Pole sana, baba. Wenye sare kwanza."

Uzinduzi ulifana. Mkurugenzi aliisoma tafsiri akiwa amevaa koti la mkono mmoja, na wageni walipouliza kama neno hilo limeshaeleweka mitaani, niliwahakikishia kwamba limeeleweka barabara.